Mji Kasoro Bahari, Lakini Mlima Tunao

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Jina hilo ni la sifa, na wenyeji hulitamka kwa majivuno, kwani humaanisha kwamba mji huu ulijaliwa kila kitu isipokuwa maji ya chumvi. Lakini sifa hiyo ina ila moja: inatuzoeza kukitaja kile tusicho nacho na kukinyamazia kile tulicho nacho. Mgeni ashukapo stesheni kwa mara ya kwanza hutazama juu kabla hajatazama mbele, akastaajabia ukuta wa kijani uliosimama nyuma ya mji. Mwenyeji aweza kumaliza mwezi mzima bila kuinua macho kuelekea Uluguru, isipokuwa anapotaka kujua kama mvua itanyesha na nguo zianuliwe.

Leo tunakusudia kueleza kwa nini kukaa jirani na mlima ni jambo kubwa kwa familia ipendayo kuwa nje, yaani ile familia ambayo haiwezi kuipitisha Jumamosi nzima chini ya dari. Mtu asidhani kwamba hayo ni mazungumzo ya barazani tu. Tangu Juni 2024, treni ya umeme imeifanya safari ya baina ya Dar es Salaam na Morogoro kuwa ya muda usiofika saa mbili. Kwa hiyo katika nyumba nyingi kuna mashauri. Wapo wanaofikiri kuhamia jijini, na wapo walioko jijini wanaofikiri kuja kukaa huku. Baba na mama huketi wakahesabu kodi ya nyumba, karo ya shule, nauli na bei ya mchele. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini haijatimia. Tunaomba mlima nao uandikwe katika daftari hilo.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo msingi wa yote. Mji umelala kwenye kimo cha yapata meta 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana waziwazi kutoka sokoni, kina zaidi ya meta 2,100. Na Kimhandu, kilicho kusini zaidi, kina zaidi ya meta 2,600. Kwa kawaida joto hupungua kwa yapata nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 mtu apandazo. Maana yake ni kwamba mtu aliyeondoka mjini akitokwa na jasho aweza, kabla ya adhuhuri, kuwa mahali ambapo atalitamani sweta lake. Wakazi wa nchi tambarare wakitaka kubadili hewa kiasi hicho hawana budi kusafiri siku nzima kwa basi. Huku kwetu safari hiyo hufanywa kwa miguu, na nauli yake ni kiamsha kinywa kizuri.

Njia yenyewe ni darasa. Mtu huziacha nyumba za mwisho za mji, akapita miembe na mifenesi, kisha akaingia katika migomba na vishamba vya mboga vilivyong'ang'ania mteremko. Akizidi kupanda hufika Morningside, penye nyumba ya mawe ya enzi ya Wajerumani, na hapo huuona mji mzima chini yake kama mkeka uliotandikwa. Juu zaidi huanza msitu wenyewe, wenye kuvu, ukungu na miti iliyovaa ndevu za kijani. Mtoto aliyeipita njia hiyo hahitaji kukariri kitabuni kwamba kimo hubadili mimea. Ameyaona mabadiliko hayo yakimpita pembeni, moja baada ya jingine, naye ameyahisi katika ngozi yake.

Faida ya mwili ni dhahiri, nasi hatutaizungumza kwa maneno mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Zamani tungalilicheka shauri hilo, maana mtoto aliyechota maji, akaenda shule kwa miguu na kucheza kandanda hadi magharibi alikuwa amekwisha kuzipita dakika hizo mara nyingi. Siku hizi watoto wengi wa mjini hupelekwa shule kwa gari, wakirudi hukaa mbele ya runinga au simu, na uwanja waliokuwa wakichezea umejengwa fremu za maduka. Mlima hauwezi kujengwa fremu. Kwa watoto hao, mteremko ulio karibu na nyumba ndio uwanja uliobaki.

Kuna na faida ya macho, ambayo wazazi wachache huifikiria. Huko Guangzhou, Uchina, wachunguzi waliwachukua watoto wa darasa la kwanza, wakaongezea baadhi yao dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, katika kundi lile la walioongezewa muda, watoto yapata 30 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa wa kutoona mbali, hali katika kundi jingine walikuwa yapata 40. Hatusemi kwamba watoto wa Guangzhou na wa Kilakala ni sawa kwa kila jambo. Lakini mwanga wa nje na upeo mpana havijapata kumdhuru mtoto, nasi tumezungukwa na vyote viwili.

Hata hivyo faida iliyo kubwa kuliko hizo haipimwi kwa dakika wala kwa miwani. Ni ile tabia inayojengeka pale familia inapopanda pamoja. Katika maisha ya kila siku, kila mmoja nyumbani ana mwendo wake. Baba huondoka alfajiri, mama ana shughuli zake za kazini na za nyumbani, vijana wana ratiba zao, na kitinda mimba huachiwa yeyote aliyepo. Mlimani hakuna mwendo wa mtu mmoja. Familia huenda kwa mwendo wa yule aliye mnyonge kuliko wote, nayo isipokubali kufanya hivyo haifiki. Kijana mwenye nguvu hujifunza kungoja. Mdogo hujifunza kwamba kulia hakupunguzi mteremko, bali hatua ndizo zinazoupunguza. Wazazi nao hujifunza jambo ambalo sebuleni hawalipati, yaani kuzungumza na mtoto kwa saa nzima bila kukatizwa, hali wote wanatazama mbele na si usoni. Wako watoto wasioweza kulitoa la moyoni wakikaliwa mbele, lakini wakiwa njiani, hali wanahema na kutafuta pa kukanyaga, hulitoa lote.

Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Walilisema kwa ajili ya mambo ya dunia, lakini aliyepata kushuka kutoka Lupanga baada ya mvua, akishikilia mizizi, atakiri kwamba methali hiyo ni ya kweli kwa herufi zake. Mtoto aliyejua kwamba kufika juu ni nusu tu ya safari, na kwamba nguvu nyingine lazima iwekwe akiba ya kurudi, amepata fundisho litakalomfaa atakapokuwa na mshahara, na atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe.

Jambo jingine ni elimu ya asili ya vitu. Mtoto wa mjini hujua kwamba maji hutoka bombani. Mtoto aliyepanda Uluguru hujua yalikokuwa kabla ya bomba. Mvua za upande wa mashariki wa milima hii, uelekeao Bahari ya Hindi, hupita milimeta 2,000 kwa mwaka mahali pengi, hali mji wetu, ulio upande mwingine, haupati hata 1,000. Tofauti hiyo huletwa na mlima wenyewe: upepo wa bahari huja umebeba unyevu, ukafika ukutani, ukalazimika kupanda, ukapoa na kuuacha mzigo wake. Msitu huupokea mzigo huo na kuutoa kidogo kidogo, mwaka mzima. Kutoka humo huanza vijito vinavyoingia mto Ngerengere na Bwawa la Mindu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya mji huu. Na kutoka humo huanza Mgeta na mito mingine inayoulisha Ruvu, mto ambao sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam hunywa maji yake. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, mamilioni ya watu jijini walipata maji kwa zamu. Wengi wao hawajapata kuiona milima ambayo ndoo zao zilikuwa zikiingojea.

Tena Uluguru si rundo la mawe na miti tu. Milima hii ni pete moja katika mnyororo wa Tao la Mashariki, uanzao katika vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Kwa kuwa unyevu wa bahari haukukatika, misitu ya tao hilo iliendelea kuishi kwa mamilioni ya miaka, hata pale sehemu nyingine za Afrika zilipokauka, na viumbe waliomo wakabaki kama watu wa kisiwani. Yupo ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, aishiye juu katika vilele vya miti ya Uluguru, na hajapata kuonekana penginepo popote duniani. Katika Msitu wa Kimboza, chini ya milima upande wa mashariki, yupo mjusi mdogo wa rangi ya samawati ambaye porini hupatikana katika misitu michache tu ya sehemu hizo. Kwenye mawe yenye kivuli na unyevu huota ua dogo la zambarau. Ndugu zake kutoka upande wa Tanga walichukuliwa kwenda Ujerumani katika miaka ya 1890, na leo wazao wao wanapamba madirisha ya nyumba katika nchi ambazo mlima wa Uluguru haujulikani hata kwa jina. Si ajabu basi kwamba mwaka 2008 zaidi ya hekta 24,000 za milima hii zilitengwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ajabu ni kwamba mtoto aweza kuzaliwa Mafiga, akamaliza shule Morogoro mjini, akaenda kuanza maisha mbali, bila kukanyaga hata hekta moja ya hizo.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Familia ya mjini ipandapo mlima isijidhani inaingia katika bustani isiyo na mwenyewe. Uluguru ni nchi ya watu. Waluguru wamelima miteremko hii kwa karne nyingi, ardhi ikirithiwa kwa upande wa mama katika koo zao, na huko Kinole cheo cha Kingalu kimesifika tangu kale kwa kuombea mvua. Njia tuipitayo kwa matembezi ni barabara yao ya kwenda sokoni. Akina mama tunaokutana nao wakiteremka asubuhi na mapema, vichwani wakiwa na matenga ya ndizi, karoti na njegere, hawakutoka kunyoosha miguu. Mtoto afundishwe kupisha mwenye mzigo, kutoa shikamoo kabla hajaulizwa, na kutochuma hata tunda moja katika shamba la mtu. Akikutana na mzee mwenye jembe begani akamwambia, "Shikamoo babu," naye akajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, mnakwenda wapi?", basi amekwisha kupata nusu ya faida ya safari ile. Na kwa kuwa mlimani mtu hupotea upesi ukungu ushukapo, ni busara kumchukua kijana wa huko awe kiongozi, na kumlipa ujira wake bila kumpigia bei.

Tunaitaja heshima hiyo kwa sababu historia ya mlima huu inatuonya. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nia ya kuuhifadhi udongo haikuwa mbaya, lakini ilikuja kwa amri na kwa faini, pasipo kusikiliza wala kuangalia kazi nzito iliyowaangukia wakulima. Mwaka 1955 kulizuka ghasia, na mpango ule ukafa. Fundisho lake ni wazi: mlima hauhifadhiwi kwa amri peke yake. Huhifadhiwa na watu wanaouona kuwa ni wao. Nasi tunaongeza kwamba hapo ndipo familia ipendayo kuwa nje inapopata wajibu wake. Mtu hatetei asichokijua. Naye aliyekijua kwa miguu yake tangu utotoni hahitaji kuhubiriwa.

Na utetezi unahitajika. Kadiri mji unavyosogeleana na jiji, ndivyo viwanja vya chini ya mlima vinavyotamaniwa. Nyumba zinapanda. Miti ya kando ya vijito inakatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa mashamba ya haraka, na udongo unaoachwa wazi huteremka na mvua hadi Mindu, ambako bwawa linazidi kupungua kina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Meta 60 ni hatua zipatazo themanini za mtu mzima. Msomaji na atembee kando ya kijito kilicho karibu naye, azihesabu hatua hizo, na ajionee mwenyewe kama sheria inatiiwa.

Kuna na hasara nyingine isiyoandikwa katika sheria yoyote, nayo ni kupotea kwa njia. Mwenye kiwanja akijenga ukuta, na jirani yake akajenga wa pili, kichochoro kilichowapeleka watu mlimani kwa vizazi hufungwa bila tangazo. Mlima hubaki palepale ukionekana, lakini haufikiki ila kwa yule mwenye gari la kuzunguka mbali. Familia iliyohamia Morogoro kwa ajili ya mlima yaweza kujikuta, baada ya miaka kumi, imenunua picha ya mlima tu.

Bila shaka wako watakaosema kwamba matembezi ni anasa ya wenye nafasi. Watauliza: mama aliyeshinda sokoni na baba aliyeshinda kwenye bodaboda watapata wapi nguvu ya kupanda Lupanga? Tena msituni hakuingiwi bure, kuna kibali na kiingilio. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini tukiitazama vema tutaona kwamba inathibitisha tunayoyasema. Familia yenye fedha yaweza kukaa popote na kuufuata mlima kwa gari mara moja kwa mwaka. Yule asiye na fedha ndiye hasa anayehitaji mlima uwe mwisho wa mtaa wake. Wala si lazima kufika kileleni. Kijito cha Bigwa kwa saa mbili za Jumapili jioni, au kilima cha nyuma ya shule, vinatosha kuanza. Ukaribu ndio unaompa mnyonge kile ambacho tajiri hukinunua. Ukaribu ukipotea, mnyonge ndiye wa kwanza kukikosa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, halmashauri izitambue njia za kale za kuelekea mlimani, izipime na kuziandika katika ramani za mji kabla hazijamezwa na viwanja, maana njia iliyo katika ramani ni vigumu kuijengea ukuta. La pili, kila shule ya mji huu iwapeleke wanafunzi wake mlimani angalau mara moja kabla hawajamaliza darasa la saba, na wenye mamlaka ya hifadhi wawapunguzie mzigo wa kiingilio kadiri iwezekanavyo. Mji huu una Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye wataalamu wa misitu na wanyamapori. Vijana wake wangeweza kuwa viongozi wazuri wa misafara hiyo, wao wakijifunza kufundisha na watoto wakijifunza kuuliza. La tatu ni la wazazi wenyewe, nalo halihitaji kikao wala bajeti: wachague siku moja katika mwezi, wazime simu, wafunge mihogo ya kuchemsha na chupa za maji, watoke na watoto wao kabla jua halijakaza.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayepelekwa mlimani akiwa na miaka saba atarudi akiwa na kumi na saba pamoja na rafiki zake, na akiwa na thelathini na saba pamoja na watoto wake. Siku moja huenda akakaa mezani katika ofisi fulani, ikaletwa mbele yake karatasi ya kuomba idhini ya kujenga kando ya chanzo cha maji. Hapo hatakuwa akisoma namba za viwanja tu. Atakijua kile kijito kwa jina lake, atakumbuka ubaridi wake miguuni, naye ataishika kalamu yake kwa uangalifu. Bahari hatukupewa, na hapana wa kulaumiwa kwa hilo. Mlima tulipewa, na kama utakuwapo, na njia yake ikiwa wazi, kwa wale watakaozaliwa katika mji huu miaka hamsini ijayo, hilo litatokana na sisi.